Insha ya Siku Tuliyohama

Fransiska aliitwa shuleni akiwa na vumbi la shamba la kijiji miguuni, na hakupewa nafasi hata ya kunawa. Mgambo aliyetumwa kumfuata alisimama mwisho wa tuta, bunduki begani, akasema anatakiwa kwa Mwalimu Mkuu sasa hivi.

"Kuna nini?"

"Kuna Katibu."

Jibu hilo lilitosha. Ndugu Urbano, katibu wa tawi la Chama, hakuwa mtu wa kwenda shuleni kusalimia. Fransiska akalaza jembe chini, akafunga kanga vizuri, akamfuata mgambo huku wanawake wenzake wakiinama zaidi juu ya matuta, kila mmoja akijifanya hakuona.

Ndani ya ofisi ya mwalimu kulikuwa na viti vitatu. Kimoja alikikalia Mwalimu Isakwisa, mwalimu mkuu, mtu wa Rungwe, mwembamba, mwenye sauti ya taratibu. Cha pili alikikalia Katibu. Juu ya cha tatu Katibu alikuwa ameweka kofia yake. Dominika, binti wa Fransiska, alikuwa amesimama kwenye kona, mikono nyuma, macho sakafuni.

"Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Ndugu Katibu," alisema Fransiska, ingawa Katibu alikuwa mdogo kwake.

"Marahaba," alijibu Katibu. Kofia haikuondoka kitini. "Mama Dominika, wewe unasoma kisomo cha watu wazima, sivyo?"

"Nasoma."

"Basi soma hii. Mwanao kaandika nini?"

Akamsukumia daftari. Fransiska alijipangusa vidole kwenye kanga kabla ya kulishika. Juu ya ukurasa kulikuwa na alama, arobaini na tano kati ya hamsini, kwa wino mwekundu. Zilikuwa zimekatwa kwa mistari miwili, na pembeni pameandikwa sifuri kubwa, kwa wino uleule na mkono uleule. Chini yake kulikuwa na kichwa cha habari ambacho darasa zima lilipewa: Siku Kijiji Chetu Kilipoanza.

Alisoma polepole, midomo ikimcheza, kama walivyofundishwa.

*Siku ile mvua ilinyesha sana. Lori lilikuja asubuhi. Baba aliambiwa atoe vyombo, lakini kabla hajamaliza paa lilikuwa limeshashushwa. Mdogo wangu alikuwa na homa. Mama alimfunika kanga, lakini kanga ililowa. Tulipofika hapa hapakuwa na nyumba, palikuwa na vigingi tu. Mdogo wangu alianza kugeuza macho. Mama hakuweza kumwachia, akaniambia nichote maji. Nikammwagia kichwani, nikasema Flavian, nakubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Halafu akafa. Kijiji chetu kilianza hivyo. Padre alikuwa mbali na mganga alikuwa mbali, ila Mungu alikuwepo.*

Fransiska alimaliza, akarudia mstari wa mwisho. Hakuwahi kuona jina la Flavian limeandikwa mahali popote. Kaburini walisimamisha kijiti tu, na kijiti chenyewe kililiwa na mchwa.

"Umeona?" Katibu aliuliza.

"Nimeona. Ni kweli tupu."

"Sikukuuliza kama ni kweli!" Katibu aligonga meza. "Hii ni shule ya umma, si parokia. Serikali ilizichukua shule kwa wamisionari ili watoto wa nchi hii wasome pamoja, bila huyu Mkatoliki, huyu Mwislamu, huyu Mmoraviani. Serikali yetu haina dini. Mwanao anapewa kazi ya darasani, anaandika ubatizo!"

"Mwalimu," Fransiska alimgeukia Isakwisa, "ni wewe uliyempa arobaini na tano?"

Mwalimu Isakwisa alikuwa akikunja na kukunjua kipande cha karatasi. "Mwanzoni niliangalia lugha tu, mama. Lugha yake ni nzuri. Sikuangalia... maudhui."

Alikuwa akisema uongo, na wote wanne mle ndani walijua. Hakuna mtu anayeweza kusoma ukurasa ule akaona lugha peke yake.

Katibu alitoa hukumu yake akiwa amesimama, kofia tayari kichwani. Siku ya Saba Saba wageni wangekuja kutoka wilayani. Dominika angeandika insha upya, bila mahubiri, aisome mbele ya wageni na wazazi wote, ili kila mtu aone kwamba amejirekebisha. Asipofanya hivyo, taarifa ya tabia yake itakayoambatana na mtihani wa darasa la saba ingeandikwa kama inavyostahili.

"Siku hizi hatuchagui mtoto wa kwenda sekondari kwa kujua hesabu tu," alisema akitoka. "Tunatazama na moyo wake."

*

Mumewe, Eustaki, alisikiliza habari hiyo akiwa anachonga mpini. Hakuacha kuchonga.

"Aandike," alisema hatimaye.

"Aandike nini?"

"Wanachotaka. Mungu anajua kilicho moyoni. Haandikiwi insha Yeye."

"Eustaki, wametuita kama wezi. Nimesimama mbele ya kiti kilichokaliwa na kofia!"

"Mwenye nguvu mpishe, mama Dominika."

"Tumempisha!" Sauti yake ilipanda hata kuku waliokuwa wakidonoa pumba wakatawanyika. "Tumempisha mpaka hatuna tena pa kukanyaga. Walisema hameni, tukahama. Walisema limeni pamoja, tunalima. Walisema njooni msome, nimekwenda kukaa na watoto wangu wa ubatizo kwenye benchi moja, nasoma a-e-i-o-u na ukubwa huu. Leo nimejua kusoma, jambo la kwanza nililolisoma la mwanangu wananiambia si la kuandikwa."

Eustaki alilaza kisu. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, kazi ambayo hakuiomba, na kila jambo baya lililotokea kwenye nyumba zile aliulizwa yeye kwanza. "Unataka nifanye nini? Nikapigane na Urbano?"

"Siku ya lori hukupigana na mtu. Sikutegemea uanze leo."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Eustaki akaokota mpini wake, akaenda kuchongea nyuma ya nyumba. Fransiska hakumfuata. Alikuwa na hasira ya kutosha kwa wote, na yeye mumewe akiwemo.

*

Siku iliyofuata alitoka alfajiri kwa miguu kwenda Sumbawanga mjini. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa sita ulimpiga usoni njia nzima, baridi yake ikipenya kanga mbili kama hazipo. Alipofika ofisi ya elimu alikuta watu wamejaa kwenye benchi. Wenye viatu waliitwa kwanza. Waliokuwa pekupeku waliambiwa Bwana Mkubwa ana kikao. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama ndipo akaitwa.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alimkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, hata akasikitika aliposikia habari ya mtoto. Fransiska alianza kuona tumaini, na ndiyo maana yaliyofuata yalimuuma zaidi.

"Mama, pole sana. Ila nikueleze jambo moja ulielewe vizuri," alisema afisa. "Katiba inampa kila raia haki ya kuamini dini aitakayo. Hakuna mtu anayeweza kumzuia binti yako kusali. Anasali?"

"Anasali."

"Kuna aliyemzuia kwenda kanisani?"

"Hakuna."

"Umeona? Haki yake anayo. Na shuleni kipindi cha dini kipo, katekista anakuja. Huko aandike sala zote azijuazo. Lakini daftari la kazi ya darasani ni la shule, na shule ni ya umma. Umma hauna dini."

"Daftari tulinunua sisi, mzee."

Afisa alitabasamu kidogo. "Ni namna ya kusema."

"Haya. Mwalimu alimwambia aandike siku kijiji kilipoanza. Siku hiyo ndiyo tuliyombatiza mdogo wake. Hakwenda kuitafuta dini ailete darasani. Aliulizwa, akajibu. Sasa angeandika siku ya nani?"

"Angechagua mambo mengine ya siku hiyohiyo. Kwamba mlipata majirani. Kwamba mmepata shule."

"Hiyo haki uliyosema, inaishia wapi?"

"Inaishia pale inapovuruga umoja wa watu."

"Na anayepima kama umevurugika ni nani?"

Afisa alitazama saa yake ya mkononi. Alikuwa amechoka, na pengine swali lile alikuwa amejiuliza mwenyewe siku fulani akaona ni heri asilimalize. "Mama, nikushauri kama mtoto wako. Katibu wa tawi ameshaandika jambo hili. Nikimpinga, itaonekana ofisi ya elimu inakingia watu wanaopinga vijiji. Unaelewa? Likibaki kuwa jambo la dini, ni dogo. Mtoto atasoma insha, yamekwisha. Likigeuka kuwa jambo la kuhamishwa..." Hakumalizia.

Fransiska alielewa. Alielewa vizuri kuliko alivyoelewa ofisini kwa mwalimu. Hawakukerwa na Roho Mtakatifu. Walikerwa na mvua, na paa lililoshushwa, na vigingi mahali pa nyumba. Dini ilikuwa kibandiko tu cha kufunikia kidonda wasichotaka kionekane.

"Asante, mzee," alisema. Alipofika mlangoni akageuka. "Ungeniambia hivyo asubuhi ningewahi kurudi shambani."

*

Alifika nyumbani jioni hiyo, miguu imevimba. Alimkuta Dominika amekaa kwenye kinu kilicholazwa, karatasi magotini.

"Nimeshaandika, mama."

"Nani kakuambia?"

"Baba. Na Mwalimu alinisaidia."

Fransiska alinyoosha mkono. Mwandiko ulikuwa wa Dominika, lakini maneno hayakuwa yake. Yalikuwa yamenyooka, yamepigwa pasi. *Siku ile tulifurahi kuachana na maisha ya kutawanyika. Tulihama watu watatu, mimi na baba na mama. Wenzetu walitupokea kwa shangwe.*

Alipofika hapo akaacha kusoma.

"Watatu?"

Dominika alianza kuchora chini kwa kidole cha mguu. "Mwalimu alisema nikimtaja Flavian wageni watauliza alikufaje. Alisema ni rahisi zaidi kama hakuwepo."

"Kama hakuwepo."

"Mama, nataka kwenda sekondari." Msichana aliinua uso, na macho yake yalikuwa makavu, makali, ya mtu aliyekwisha kulia peke yake. "Nikikataa nitabaki hapa nilime ulezi mpaka nizeeke. Ndivyo unavyotaka? Unataka nikae hapa nimkumbuke Flavian pamoja na wewe?"

Kama angempiga kofi ingekuwa afadhali. Fransiska alikaa chini, palepale kwenye vumbi, mgongo ukiegemea ukuta. Moshi wa jikoni ukaanza kuwafikia.

"Sikiliza," alisema baadaye, taratibu. "Wakitaka umtoe Mungu kwenye karatasi, mtoe. Mungu akitolewa atarudi mwenyewe, ana miguu. Mtoto wangu hana. Mtoto wangu ukimtoa hapo, hana njia nyingine ya kurudi. Waambie alikufa kwa homa. Waambie alikufa kwa mapenzi ya Chama, sijali. Ila usiandike kwamba sikumzaa."

"Mwalimu ameshapeleka nakala kwa Katibu," alisema Dominika. "Wamesema nisibadilishe hata neno."

*

Saba Saba ilifika na jua lake lisilo na joto. Uwanja wa shule ulifagiwa, matawi yakafungwa langoni, wageni wa wilayani wakakalishwa kwenye viti vilivyoazimwa nyumba kwa nyumba. Kimojawapo kilikuwa cha Eustaki. Kimpumu, pombe ya ulezi, kilikuwa kinawasubiri wazee nyuma ya bohari, na kwaya ya shule iliimba mpaka wimbo wake wa mwisho. Wazazi walikaa chini, wanaume upande huu, wanawake upande ule.

Katibu Urbano alisimama akaeleza kwamba Chama hakimchukii mtu aliyekosea bali humwelimisha, na kwamba sasa wangemsikiliza mwanafunzi mmoja aliyekuwa amepotoshwa na mambo ya kale, akaelimika. Fransiska alisikia wanawake waliomzunguka wakisogea kidogo, kila mmoja upande wake, mpaka akawa amekaa peke yake kama chungu kilichopasuka.

Dominika alisoma vizuri. Sauti yake ilisikika hadi nyuma. Alisoma habari ya maisha ya kutawanyika, mgeni mmoja akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Halafu akafika pale.

"Tulihama watu watatu, mimi na baba na..."

"Wanne."

Fransiska hakujua kwamba amesimama mpaka alipoona vichwa vyote viko chini yake.

"Mama, kaa chini," alisema Katibu.

"Tulihama watu wanne. Ulituhesabu wewe mwenyewe, Ndugu Katibu, tulipokuwa tunapanda lori. Ulimfunua kanga yule mtoto usoni ukasema, na huyu wa nne. Nilikusikia."

"Mgambo, mkalishe mama huyu."

"Sijataja dini!" Fransiska aliinua sauti. "Mmesema dini isitajwe, sijataja. Sijataja Mungu, sijataja ubatizo, sijataja padre. Nahesabu tu. Kuhesabu nako Katiba imekataza?"

Hakuna aliyesimama pamoja naye. Walikuwepo pale wanawake waliomsaidia kumwosha Flavian, na wanaume waliochimba udongo uliolowa. Wote walitazama magoti yao. Eustaki, upande wa wanaume, alikuwa ameziba uso kwa viganja. Mgambo alimfikia Fransiska, akamshika bega, na kwa kuwa alikuwa kijana wa kijiji kilekile alimnong'oneza, "Mama, nakuomba." Fransiska akakaa.

Mwalimu Isakwisa, aliyesimama nyuma ya Dominika, alisogea hatua moja kana kwamba ana la kusema, akarudi. Katibu akamwashiria msichana aendelee.

Dominika alitazama karatasi. Kisha akasoma, kwa sauti ileile ya mwanzo, "Tulihama watu wanne. Wenzetu walitupokea kwa shangwe." Akaendelea hivyo mpaka mwisho, shangwe na majirani na shule, bila kuruka neno lingine lolote, akakunja karatasi, akapiga saluti, akarudi kwenye mstari wa wenzake.

Wageni walipiga makofi kidogo. Hawakuwa wamejua kosa lilikuwa nini.

*

Malipo yalikuja moja moja. Eustaki alivuliwa ubalozi, jambo ambalo lisingemuumiza, lakini pia alipangiwa kubeba mawe ya bohari wakati wenzake wakimalizia kuvuna ulezi, na ndege wakala sehemu kubwa ya wake shambani. Hakumlaumu mkewe. Jioni moja alirudi mabega yamechubuka, akakaa, akasema bila kumtazama, "Ningesimama. Miguu ilikataa." Fransiska akampakulia ugali. Hakumwambia kwamba si neno, kwa kuwa lilikuwa ni neno.

Dominika alifanya mtihani. Majina yalipotoka, lake halikuwemo. Shule nzima alichaguliwa mvulana mmoja, na watoto wengi wenye tabia njema kabisa hawakuchaguliwa pia. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Pengine alishindwa hesabu. Pengine kuna sentensi moja mahali fulani, imeandikwa na mtu fulani. Hakuna ofisi iliyokuwa tayari kumwambia Fransiska lipi kati ya hayo mawili, na hilo ndilo lililomla ndani kuliko yote. Walimnyima hata mtu wa kumkasirikia kwa haki.

Akabaki na Mwalimu Isakwisa.

Mwalimu alihamishwa mwanzo wa mvua, akapelekwa bondeni, huko Muze, kwenye joto na mbu. Siku ya kuondoka alipitia kwao, sanduku mkononi. Fransiska alikuwa mlangoni anapeta ulezi. Hakusimama, wala hakumtolea kiti, na kwa mtu wa Ufipa kumwacha mgeni wima mlangoni ni tusi lisilohitaji maneno.

"Nimekuja kuaga, mama."

"Uende salama."

"Sikuandika vibaya juu ya Dominika. Nataka ujue. Taarifa yangu ilikuwa nzuri. Ya Katibu sikuiona."

Fransiska aliendelea kupeta. Makapi yakarukia viatu vya mwalimu.

"Sisi ni watu wa kusali, mama," alisema Isakwisa, kwa sauti ya chini kana kwamba bado kuna anayesikiliza. "Mke wangu anatusomea Biblia kila jioni. Tunafunga dirisha kwanza, halafu tunasoma. Ile insha niliisoma nikamwita mke wangu naye aisome. Zile arobaini na tano zilikuwa za kweli."

"Ulizikata."

"Nilizikata. Nilikuwa na watoto wa kulisha."

Ungo ulisimama. "Na mimi nilikuwa nao," alisema Fransiska.

Mwalimu alisubiri labda neno moja la msamaha, la kumpunguzia mzigo wa safari. Fransiska alikuwa nalo neno hilo, alilijua tangu katekisimu, na aliamua kwa akili zake zote kutompa. Isakwisa akainamisha kichwa, akanyanyua sanduku, akaondoka, bega moja limeshuka kwa uzito.

Alikuwa hajafika mbali Dominika alipotokea shambani, jembe begani. Alimwona mtu anayekwenda, akamtambua.

"Mama, yule ni Mwalimu? Anahama?"

"Anahama."

Dominika alitua jembe. Alitazama mgongo wa yule mtu kitambo, uso wake hausomeki. Kisha akakimbia, na Fransiska akamwona anamfikia, anapiga magoti kidogo kumwamkia, anampokea sanduku na kulitia kichwani. Wakaenda pamoja kuelekea barabara ya magari, msichana mbele, mwalimu nyuma, bila kuongea.

Fransiska alitaka kumwita arudi. Hasira ilikuwa palepale, nzima, haijapungua hata chembe, na hakuwa na nia ya kuiombea ipungue. Lakini ilikuwa yake yeye, si ya Dominika. Alitia konzi nyingine ya ulezi kwenye ungo, akaanza kupeta upya, akamwacha binti yake aende alikochagua mpaka alipopotea kwenye mteremko.